Rangi ya Krimu kwa Nyumba ya Baba

Nyumba ya baba yangu, hapa Muthara, haikuwa na paa la mabati kama za majirani. Ilikuwa na slabu bapa ya zege juu, vioo kutoka sakafuni hadi darini, na ukuta wa mbele wa mawe ya kuchonga yaliyoachwa wazi, bila plasta. Baba, mwalimu, aliijenga miaka ya sitini. Watu walimcheka kwamba ameishiwa na mabati.

Alipofariki, kaka yangu alitaka ibomolewe, ajenge fleti. Mimi nilitaka ilindwe kisheria. Niliandika barua hadi nikachoka, mwishowe afisa wa majengo ya kihistoria akaja. Aliupapasa ukuta ule kwa kiganja.

"Hii itapita, italindwa," akaniambia. "Nitarudi na wenzangu tuipime. Msibadilishe kitu."

Kabla hajarudi, mama naye akafariki.

Kwetu msiba ukiingia, boma hutengenezwa kabla ya wageni kufika. Kamati ya mazishi hufyeka ua na kupanua lango. Mwenyekiti wetu, jirani aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, alinipigia simu nikiwa Embu, katika mochari.

"Mwari, binti yetu, hii nyumba inatuletea aibu kidogo, na wageni ni wengi. Wacha tuitengeneze, sawa?"

Nikamwambia wafanye wanavyoona. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilirudi na mwili wa mama nikakuta ukuta umepigwa plasta na kupakwa rangi ya krimu. Vioo vilikuwa vimeng'olewa, nafasi zake zikajengwa madirisha madogo yenye grili. Juu ya slabu, mabati mekundu. Walifanya kazi siku nne, bure. Kila aliyenipa mkono wa pole alisema nyumba imependeza, nami nikashukuru huku nimejaa hasira. Ningemgombeza nani? Walimpenda mama.

Afisa alikuja wiki iliyofuata. Nilimwambia plasta inaweza kubanduliwa, mawe yabaki kama zamani. Akabandua kipande kwa kisu, akanionyesha: fundi alikuwa ameyadonoa mawe yote kwa nyundo ili simiti ishike.

"Haya hayarudi," akasema. Akamtazama kwa ukali kaka yangu, aliyesimama kando yetu. "Nani aliruhusu?"

"Ni mimi," nikasema.

Akafunga faili. Kaka yangu, ambaye hakuwa amegusa hata jiwe moja, akamkaribisha chai.