Dolma Tisini za Zambeta

Miaka thelathini na mmoja Zambeta alikuwa mke wa Kleanthis, na miaka hiyo yote hakuruhusiwa kuigusa sufuria kubwa ya ukoo. Sufuria ilikuwa ya wifi yake, Argyro. Kila tarehe kumi na tano Agosti, ukoo mzima ukipanda kijijini kwa sikukuu ya Bikira Maria, Argyro aliviringisha nyama na mchele kwenye majani ya mzabibu, dolma mia tatu kwa kukadiria tu, na Zambeta alipewa kisu akate mkate. Mwalimu wa hisabati mstaafu, kukata mkate! Iliuma, tena sana.

Mwaka huo Argyro alivunjika mkono, na Zambeta akaiomba sufuria kabla hata plasta haijakauka.

"Kiasi utakijuaje, wifi?" Argyro akauliza.

"Ninayo Python," akajibu Zambeta. Ndiyo lugha ya kuamuru kompyuta aliyojifunza kwenye darasa la wastaafu pale manispaa.

"Ina mikono ya kuviringisha?"

Zambeta alifungua kompyuta, akatengeneza kile wanachokiita kamusi: upande huu jina la mkuu wa nyumba, upande ule idadi ya watu wake. Kisha akaiamuru ichukue kila idadi, izidishe kwa dolma sita, ijumlishe zote.

Sasa, marehemu mzee Thrasyvoulos, baba wa Kleanthis na Argyro, alikuwa na wana wa kiume sita, na watano kati yao walipata wana wa kiume. Kila mmoja, kama ada inavyotaka, alimpa wa kwanza jina la babu. Basi wapo akina Thrasyvoulos watano, na hao ndio wakuu wa nyumba siku hizi. Kijijini hakuna anayehangaika: huyu Tumbo, yule Mbuzi, yule Kelele, yule Mguu, na wa mwisho, asiye na mke, Kapera. Lakini Zambeta hakuthubutu kuwaita hivyo. Majina hayo yalikuwa ya kutumiwa na wenye ukoo, naye bado alijiona mgeni. Akaandika kwa adabu: Thrasyvoulos, saba. Thrasyvoulos, watano. Thrasyvoulos, sita. Thrasyvoulos, wanne. Thrasyvoulos, mmoja. Akamaliza na nyumba tatu zilizobaki, watu kumi na wanne.

Jibu likatoka: tisini.

"Tisini!" akamwambia mumewe. "Dada yako anapika mia tatu! Kuku wa kijiji kizima wanashiba kwa ujinga wake."

Kleanthis alikohoa, akaenda kumwagilia nyanya.

Siku ilipofika waliketi uani watu thelathini na saba. Zambeta alipakua kwa madaha, sita sita, mpaka kijiko kikakwaruza chini ya sufuria, na zaidi ya nusu ya meza bado inatazama sahani tupu. Akakimbilia kompyuta, akaiamuru imwonyeshe kamusi yote. Mistari minne! Kamusi haikubali jina moja mara mbili. Kila Thrasyvoulos mpya alimfuta aliyemtangulia, na mashine haikusema kitu.

Alirudi uani amewiva kwa aibu, akawaeleza wote.

"Yaani mama mdogo, umenifuta?" akauliza Tumbo.

"Wewe na wenzako. Amebaki Kapera."

Kapera akasimama na sahani yake, akainama kushukuru. "Miaka arobaini na tano nasubiri kuhesabiwa, nanyi mnacheka!"

Zambeta alitaka ardhi immeze. Argyro, mkono ukining'inia shingoni, alicheka mpaka akafuta machozi kwa plasta, kisha akaamuru sahani zote zirudishwe. Dolma zikagawanywa upya, mbili mbili, na kumi na sita za ziada zikagombaniwa kwa kelele. Jibini na zeituni zikajaza pengo.

"Mwaka ujao unakuja kwangu mapema," Argyro akamwambia. "Mimi nakutajia majina, wewe unaandika. Kisha tunapika mia tatu."

Baadaye Zambeta alikuwa jikoni akijificha aliposikia Mguu akiita kutoka uani, "Tisini! We Tisini, lete mkate!"

Meza nzima ikaangua kicheko. "Tisiniii!"

Hapakuwa na Tisini mwingine katika ukoo ule. Zambeta alishika ukingo wa beseni, machozi ya furaha yanamlenga. Alikuwa amesikia vizuri sana, lakini akangoja kidogo, ili waite tena.