Mfano wa Paipai

Mwalimu Éphraïm Sikuli alifundisha Kifaransa kwa miaka ishirini na mitatu katika shule moja ya sekondari ya Waprotestanti huko Kimemi, mjini Butembo, na kwa miaka yote hiyo alikuwa na wazo moja. Si kidogo. Wengi hapa mjini wamejenga ghorofa bila hata moja.

Wazo lenyewe lilikuwa hili: ukitaka kumjua mtu katika riwaya za zamani, usisikilize anavyojieleza, sikiliza anavyofananisha. Mwandishi hodari hatuambii kwamba mjane fulani hakupendwa. Anamwacha mjane mwenyewe aseme kwamba marehemu alikuwa kama kabati, kubwa, la heshima, na halifunguki. Nahodha akimlinganisha mkewe na hali ya hewa, tumekwisha kujua nani anaogopwa nyumbani. Kila mwezi wa tisa Sikuli aliandika ubaoni: Uongo huazimwa, mfano hauazimwi. Mwanafunzi aliyejibu katika mtihani kwamba mifano ni urembo wa lugha tu alipata mbili kwa kumi.

Nje ya darasa aliwapima majirani kwa kanuni hiyo hiyo. Pasta wao alilinganisha kila kitu na pikipiki yake, pamoja na neema. Rébecca, mke wa Sikuli, alisema siku moja kwamba kuishi na prof ni kama kuchemsha maharagi juu ya mshumaa. Sikuli aliusifu mfano huo mbele ya wageni. Hakuuliza maana yake.

Vita ya pili ilipofika, mwaka wa 1998, askari wa rebelio, yaani waasi, walilala shuleni miezi minne. Walipoondoka, madawati mengi yalikuwa yamekwisha kama kuni za kupikia sombe ya majani ya muhogo, na maktaba ilikuwa imevutwa. Nasema imevutwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: riwaya za kale zilizoachwa na wamisionari zilikuwa na karatasi nyembamba, nzuri kwa kusokotea tumbaku. Kamusi ilikuwa na karatasi nene, ikanusurika. Tangu hapo Sikuli alifundisha riwaya kwa kichwa, na hakuna aliyeweza kumsahihisha.

Mwezi wa tano mwaka wa 2000, karatasi ilikutwa imebandikwa mlangoni pa Komanda Salomon, aliyeshika kipande cha barabara iendayo Beni. Kila wiki askari wake walipita Kalunguta, kijiji cha barabara hiyo, na kumega sehemu ya kila mzigo wa wakulima. Karatasi ilisema hivi, kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane:

KOMANDA, UNATUKATA SAWA PAIPAI BICHI. HAUANGUSHE MUTI. UNAKWARUZA NGOZI TU, UNANGOYA MAZIWA ITOKE, NYUMA YA SIKU SABA UNARUDI. LAKINI MAZIWA YA PAIPAI INAKULAKA VIDOLE VYA MUTU MWENYE KUIKUSANYA.

Sikuli aliitwa ofisini siku hiyo hiyo. Aliyemtaja alikuwa karani wa komanda, Zorobabel, mwanafunzi wake wa zamani.

"Mwalimu," alisema Komanda Salomon, "secrétaire anasema unajuaka mutu kwa mufano yake. Ni kweli?"

"Ni mambo ya vitabu, mon commandant."

"Bon. Soma."

Sikuli alisoma mara moja, na mara moja ilitosha. Mwaka 1991, katika darasa la nne la sekondari, msichana mmoja aitwaye Kanyere aliandika katika insha yake kwamba mapenzi ni maziwa ya paipai, yanakula vidole vya mwenye kuyakusanya. Sikuli alimpa nane kwa kumi na kuisoma insha kwa sauti. Mwaka uliofuata Kanyere aliacha shule akarudi Kalunguta kwa baba yake, kukwaruza mapaipai mabichi kwa wembe, asubuhi kabla ya jua, na kukausha yale maziwa ambayo wafanyabiashara huyanunua na kuyapeleka Ulaya. Sasa alikuwa ameficha mwandiko. Mfano hakuuficha, pengine hakujua kwamba unafichwa.

Na Zorobabel, aliyesimama pale na kalamu, alikuwa amekaa darasani humo humo siku insha iliposomwa.

"Ata mimi naona ni mutu wa paipai," alisema komanda. "Jumamosi bakata-paipai wote ba Kalunguta na Mbau banakuja hapa. Tutaangalia vidole. Mwenye vidole ya kubambuka, shimo."

Shimo lilikuwa nyuma ya ofisi, limefunikwa kwa mbao. Waliotoka humo hawakusimulia, na hawakuwa wengi.

Kila mkata-paipai ana vidole vilivyobambuka. Sikuli alivua miwani akaifuta.

"Mon commandant, utasumbua batu bure. Hii barua imeibwa mu kitabu."

"Kitabu gani?"

"Riwaya ya zamani ya Wafaransa. Kule kusini kwabo kuko miti moja, banakwaruza ngozi yake, gundi inatoka. Mule mu kitabu, mukulima anaambia bwana mwenye shamba: unatukwaruza sawa hii miti. Huyu mwizi ametosha miti, ameweka paipai. Basi."

Miti hiyo ipo kweli. Mkulima na bwana wake alikuwa amewaunda wakati akifuta kioo cha pili.

"Leta hicho kitabu."

"Haiko. Askari baliivuta."

Komanda alimtazama. "Yote?"

"Volume ya kwanza na ya pili. Bahati mbaya hii maneno ilikuwa mu ya pili."

Hapo Zorobabel akainua kichwa, na Sikuli akajua kwamba hatari yenyewe ndiyo hii.

"Lakini Mwalimu," alisema Zorobabel polepole, "wewe ulisemaka mufano haiazimwe. Mufano njo mutu mwenyewe."

"Nilikosea."

"Namna gani?"

"Mifano ni urembo tu," alisema Sikuli. Rébecca, aliposimuliwa baadaye, alisema hajawahi kumsikia akikiri kosa, hata la chumvi. "Mutu anaivaa, anaivula. Haionyeshe kitu."

Zorobabel aligonga meza. "Ekie! Mon commandant, sikia! Njo vile niliandika! Mu examen ya 1991, mille neuf cent nonante et un! Urembo wa lugha! Alinipatia mbili! Mbili, mon commandant! Juu ya ile mbili nilirudia mwaka!"

"Mbili kwa ngapi?" aliuliza komanda.

"Kwa kumi!"

"Mwalimu, hiyo si haki."

Kwa nusu saa ofisi ya kijeshi ilisikiliza kesi ya mtihani. Zorobabel alikuwa akikumbuka kila neno la jibu lake, na kwa sababu hiyo hakukumbuka neno hata moja la insha ya mtu mwingine. Komanda Salomon aliamua kama hakimu: alama irekebishwe katika rejista, na Sikuli aandike cheti. Kuhusu barua, alisema kwamba hana nafasi ya kumtafuta mwizi wa maneno, wezi wa kweli wanamtosha. Kisha akaikunja na kuitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Jumamosi hakuna aliyeitwa.

Jumatatu iliyofuata Kanyere alikuja Kimemi kwa miguu, nyumbani kwa mwalimu. Rébecca alimpa kiti. Hakukaa.

"Sikuje kukushukuru, kusema wasingya, Mwalimu."

"Karibu hata hivyo."

"Kule kwetu banacheka. Banasema barua ya komanda ilitoka mu kitabu ya Bazungu, mwenye kuandika alikopiya tu. Ile maneno ni yangu! Hakuna Muzungu aliniambia!"

"Najua."

"Basi sema."

"Nitasema vita ikiisha."

"Na ile nane ulinipatia? Mbili zangu zilienda wapi?"

Sikuli alifungua rejista ya 1991, aliyokuwa ameihifadhi nyumbani tangu vita. Pembeni mwa jina la Kanyere palikuwa na maneno mawili kwa wino mwekundu: Unatia chumvi. Zamani zile aliona maziwa ya tunda hayawezi kula kidole cha mtu.

Kanyere aliweka mikono yake miwili juu ya ukurasa. Ncha za vidole hazikuwa na mistari. Zilikuwa laini na nyekundu, kama ngozi iliyo chini ya lengelenge. Mwalimu akamwomba ainue mikono kidogo, akakata ile nane na kuandika kumi.

Rejista ya mwaka ule, kwa hiyo, ina alama mbili zilizofutwa baada ya miaka tisa, kinyume cha kanuni zote za elimu. Sikuli aliandaa maelezo kwa ajili ya mkaguzi. Mkaguzi hakuja, barabara ilikuwa imefungwa.