Onyo la Kigeuzi

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Zdravka Peneva alisoma upya alichokiandika jana, huku banitsa yake, andazi la jibini, ikipoa kwenye karatasi. Ralitsa, aliyeajiriwa majuzi katika kampuni ile ndogo ya Plovdiv, alimtazama bila kuthubutu kuuliza.

Zdravka aliwaandikia waandaaji wa programu maelezo ya vigeuzi, vile vinavyohamisha maandishi ya Kibulgaria kutoka kompyuta za zamani kwenda mpya. Jana alikuwa ameandika: "Kila uzi wa programu, yaani kila kazi inayoendeshwa sambamba na nyingine, ufungue kigeuzi chake. Nyuzi mbili zikitumia kimoja kwa pamoja, herufi zitachanganyika."

Leo onyo halikuwepo. Palibaki neno moja: "Salama."

"Nani kagusa ukurasa wangu?"

Krasen, bosi wao, alitokeza na kikombe cha kahawa. "Mimi, dada. Maonyo yanakimbiza wateja. Tumekijaribu mwezi mzima, hakijakosea."

"Mmejaribu kwa uzi mmoja! Daraja la malori unalipima kwa kumpitisha paka?"

"Taratibu, unamtisha binti wa watu."

"Atishike! Hospitali inakiweka kigeuzi hiki kwenye kompyuta zake wiki ijayo. Madirisha mawili ya mapokezi yanaandikisha wagonjwa kwa pamoja, kigeuzi kimoja. Mtu atapewa nusu ya jina la mwenzake, na dawa za mwenzake juu!"

"Maneno matupu. Nionyeshe."

Zdravka alivuta kiti kwa kishindo. Aliandika programu fupi yenye nyuzi mbili: mmoja ukigeuza jina lake, mwingine jina la Krasen, zote kwa kigeuzi kilekile. Majina yakateremka kwenye skrini, safi kabisa. Krasen akaanza kucheka.

"Nilikwambia mi..."

Kisha likapita "Krasvka". Halafu "Zdrasen". Halafu mstari wa alama zisizosomeka.

Kicheko kikamfia mdomoni. "Haya, lirudishe onyo lako. Lakini liweke chini kabisa."

"Juu! Na ukiligusa tena, hospitali utawapigia simu mwenyewe uwaeleze."

Krasen akaondoka, kahawa ameisahau mezani. Zdravka aliandika onyo upya akizigonga herufi kama anayepigilia misumari. Mashavu yake yalikuwa bado yanawaka wakati Ralitsa alipopata ujasiri wa kuuliza.

"Dada Zdravka, kwa nini kila siku unasoma ulichokiandika mwenyewe?"

"Kwa sababu atakayekisoma hatajaribu. Ataamini tu."