Maboksi ya Halfani

Mwaka wa hamsini na nane, pale Mwanjelwa, aliyetaka bei ya huruma hakuingia dukani kwa Mwanahawa. Alinyoa watu bila maji. Aliuza sabuni, dawa ya viatu na vipuri vya magari; na mezani alisimama mumewe, Halfani, aliyekuwa fundi gereji hadi macho yalipozima.

Halfani aliuza kwa vidole. Balbu za volti sita na za kumi na mbili ni mapacha mkononi, ila boksi la sita lilifunguka kwa kusukuma, la kumi na mbili kwa kukunjua. Hakukosea.

Ndipo balbu zikaja kwenye mifuko ya nailoni badala ya maboksi: yote sawa, yote inateleza kama kambare. Siku hiyohiyo Kalinga, dereva wa lori la Iringa, akarudi anacheka.

“Mzee Halfani, umeniuzia balbu au kiberiti? Imewaka mara moja, ikafa!”

Halfani akacheka naye. Kesho yake hakuja mezani. “Simama wewe, mama,” alisema. “Mimi nitaota jua.”

Mwanahawa hakumbembeleza. Alimngoja Selemani, wakala kutoka Dar es Salaam.

“Nailoni hailowi, mama. Boksi likinyeshewa ni uji.”

“Kwani nauzia mvuani, mwanangu? Boksi nawashia moto. Hii nitawashia nini? Punguza.”

Akapunguza.

“Bado.”

“Mama, unataka nirudi kwa miguu?”

“Ukifika Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu. Utalia vizuri.”

Akapunguza tena. Kisha Mwanahawa akazunguka gereji zote akiokota maboksi matupu. Mumewe alipokwenda kuswali alasiri, akazitoa balbu kwenye nailoni, akazitia maboksini moja moja. Vifuniko vilivyochanika alivishona.

“Wakala kaleta za maboksi,” alimwambia. “Kasimame, nina kazi jikoni.”

Kalinga akaja. “Ya kumi na mbili, mzee. Leo sitaki kiberiti!”

Mkono ukaenda. Kalinga akatoka, akawasha taa za lori. “Zinawaka, mzee!” akapaza sauti kutoka barabarani. Akapiga honi, akaondoka.

Halfani akachukua boksi jingine, akalipapasa taratibu. Kidole gumba kikasimama pembeni.

“Mwanahawa, huu uzi ni mweusi au mweupe?”

“Mweupe,” akajibu, kisha akauma ulimi.

Halfani akalirudisha boksi mahali pake, akalinyoosha na wenzake.

“Umeshona imara,” alisema.

“Acha maneno. Mteja huyo.”