Nguzo za Baraza Letu Mbinga

Enzi za Mwingereza, bwana shauri, yule ofisa wa serikali wa wilaya, alipopima viwanja vya maduka pale Mbinga, alitoa sharti moja: kila nyumba iwe na baraza la nguzo mbele, na paa lake liguse la jirani, ili mtu atembee kutoka juu ya mtaa hadi chini bila kulowa. Atakayeshindwa kumaliza kabla ya ukaguzi, ananyang'anywa kiwanja.

Mume wangu akashikwa na wazimu wa duka. Shamba letu la kahawa la Litembo akamwachia kaka yake, naye kwa kubadilishana akatupatia mabati ya kuezekea. Niligomba mpaka sauti ikakauka. Sikusikilizwa, basi nikabeba maji ya kufyatulia matofali kama punda.

Matofali yalikuwa mabichi. Kuni za kuyachoma tungezipata wapi? Baraza lilipendeza, siwezi kukana. Nilisimama chini yake nikajiona mama mwenye duka.

Mvua zilipoanza, maji yalishuka kutoka mlimani yakielekea kwenye nguzo. Wenzetu walichimba mitaro ya kuyapitisha. Mume wangu, Mmatengo wa damu, alichimba mashimo, yale yale ya ngolo tunayochimba shambani ili maji yatulie yasibebe udongo.

"Mama, tukiyaacha yakimbie yatatuharibia," alisema. "Acha yakae humu."

Nami niliona sawa, maana tangu utoto sikuwahi kuona mlima ukiporomoka penye ngolo. Lakini nguzo si mahindi. Maji yalikaa, yakanywea taratibu, matofali yakalainika kwa chini, na asubuhi moja baraza zima likalala matopeni.

Bwana shauri alikuja mvua ikinyesha. Alipita chini ya mabaraza ya wenzetu, mkavu, mpaka alipofika kwetu akalazimika kutoka nje. Alilowa. Tarishi wake aling'oa vigingi vya mpaka wetu tukitazama, na kiwanja akapewa jirani.

Tulirudi Litembo kumwomba shemeji kipande cha kulima. Aliyeomba ni mimi, si mume wangu. Nilikata tamaa siku ile, na sijainuka tena.

Miaka ikapita. Siku moja tulikwenda sokoni Mbinga, mvua ikatukuta mbele ya baraza la yule jirani, ambalo sasa lilifunika na kiwanja chetu.

"Shikamoo baba, ingieni, mnalowa," binti yake alituita.

"Marahaba, mwanangu. Hapa panatosha," mume wangu alijibu, akabaki nje.

Mimi niliingia. Nikamtazama akilowa mpaka mvua ilipokatika.