Gari la Moto Migombani

Nimefungua sanduku, na kanga ya Mama bado inanukia maua ya mibuni. Asubuhi ile, nikiwa mtoto, mibuni ilikuwa imechanua, na wanaume wanne walimbeba Mama kwenye machela, wakapita migombani kumpeleka hospitali. Jua liliwapiga mabegani wakawaka kama wale farasi wa moto wa shule ya Jumapili, waliovuta gari lililompeleka Eliya mbinguni.

"Mama, shuka! Eliya hakurudi!"

"Mwana wange, hawa ni majirani zetu tu," alisema huku akicheka kidogo.

Kanga yake ikadondoka kwenye umande. Nilijua vazi la Eliya nalo lilidondoka hivyo hivyo, mwanafunzi wake Elisha akabaki nalo. Nikaiokota, nikawakimbilia, nikamfunika tena, nisibaki nayo mimi.