Panga Lililopozwa kwa Maji

Kwetu panga halitoki karakana kabla ya kujaribiwa, na halijaribiwi hivi hivi. Linapigwa mara tatu kwenye fundo la gogo kavu la mkwaju, kwa nguvu zote; yakiwa mengi, mnunuzi huchagua matatu yapigwe kwa niaba ya yote. Mbele ya gogo, hatua mbili tu, anakaa mkubwa wa karakana, kifua wazi, macho kwenye chuma. Kipande kikiruka, kinamfuata yeye. Ndivyo babu alivyofanya, ndivyo tulivyofanya miaka yote ya ukimbizi Uganda. Vita vilipokwisha, mimi na kaka yangu tukarudi Juba na nyundo mbili, mvukuto mmoja, kipande cha reli cha kufulia chuma, na desturi hiyo.

Tulijenga kibanda cha mabati mtaa wa Kator, tukaanza kufua mapanga kwa springi za lori zilizokatika. Chuma cha springi ni kizuri ila kina kiburi. Kikiwa chekundu lazima ukizamishe kwenye oili chafu ya injini, kipoe taratibu. Ukikitia maji kinakuwa kigumu, utakisifu, halafu siku moja kinakatika kama biskuti. Kaka aliniambia hilo mara elfu. Nami nilikuwa kijana mwenye hasira za karibu, nikiambiwa jambo mara ya pili nilishaanza kununa.

Oda yetu ya kwanza ya maana ilitoka kwa watu waliorudi kutoka Uganda kama sisi. Walikuwa wamepata mashamba ng'ambo ya mto na walitaka mapanga kumi na mawili kabla mvua haijakolea. Wakiridhika, watu wote waliorudi nao wangekuja kwetu. Wasiporidhika, basi, tungerudi kuziba masufuria yaliyotoboka.

Wiki hiyo barabara ya Nimule, ile itokayo Uganda, ikawa matope matupu. Malori hayakuingia, na madereva ndio waliotupatia oili. Ikatuishia, limebaki panga moja halijapozwa. Jumapili kaka alivaa shati lake jeupe kwenda misa, akaniambia, "Hilo liache. Tutawapa kumi na moja, la mwisho watalifuata baadaye."

Nikabaki nalitazama. Kumi na moja! Watu wametuagiza kumi na mawili, sisi tuonekane hatujui kuhesabu? Potelea mbali, nikasema. Nikawasha moto, nikalipasha mpaka likaiva, nikalizamisha kwenye ndoo ya maji. Lililia tsss, na ndani ya mlio ule nikasikia mwingine mdogo sana: tik.

Nililifuta, nikaligeuza juani, sikuona ufa. Nikaliweka pamoja na wenzake.

Kaka aliporudi alihesabu. "Hili la kumi na mbili umelipoza na nini?"

"Oili. Nimepata kidogo kwa dereva mmoja."

Uongo ulitoka laini mpaka nilijishangaa. Aliniamini. Jioni ile akayanoa yote, akayatia mipini, akayapanga juu ya gunia. Nilipoyatazama tena yalikuwa kumi na mawili, sura moja, na sikujua lipi ni lipi.

Wakaja asubuhi ya Jumatatu, watu kama kumi, mbele yao mama mmoja mjane mwenye sauti ya sokoni, mtoto mgongoni. Kaka alivua shati akakaa mbele ya gogo. Mpigaji ni mimi, maana mpigaji ni mdogo.

"Chagueni wenyewe," kaka akawaambia. "Matatu, mnayotaka."

Mama akainama, akachomoa moja katikati. "Mimi nataka hii."

Lilipofika mkononi mwangu lilikuwa zito kuliko panga. Nikaligonga kwa kucha kisirisiri, lisinijibu kitu. Kaka alikuwa amekaa na kovu lake la zamani begani, magoti wazi, hana wasiwasi hata chembe. Sema, nikajiambia. Sema sasa hivi, wewe mjinga. Nikapiga, lakini mkono wenyewe ukarudi nyuma, panga likalamba gogo tu.

"Ala! Anapapasa mti?" mama akasema, na wenzake wakacheka.

Kaka hakucheka. "Piga, bwana mdogo. Unaogopa nini?"

Kwa aibu, haki ya Mungu, kwa aibu tu, nikapiga kwelikweli. Fundo likapasuka. Nikapiga tena, na tena. Panga likashika. Wakanipa la pili nikapiga mara tatu. Wakanipa la tatu. Kila nilipoinua niliona uso wa kaka nyuma ya chuma, na kila mara nilifumba macho kabla hakijashuka. Yote matatu yalishika.

Watu wakapiga makofi. "Kalas!" mmoja akasema, yamekwisha. Kaka akasimama akijipangusa vumbi, akanipiga bega kwa furaha. Mjane alishaokota panga jingine kwenye gunia, analipunga hewani kama yuko shambani tayari, na kichwa cha mtoto wake kinacheza nyuma ya shingo yake.

Hapo ndipo niliposhindwa. "Mama, weka chini," nikasema. "Moja ni bovu. Nimelipoza kwa maji. Silijui ni lipi."

Makofi yalikufa. Nilingoja kaka anitukane, anipige kofi mbele za watu, ningeshukuru. Alichofanya ni kumnyang'anya mjane panga na kunionyesha pale alipokuwa amekaa yeye.

"Vua shati. Kaa."

Nikakaa. Yalibaki tisa. Kaka alikuwa na mkono mzito kuliko wangu na hakuupunguza hata kidogo. La mjane likashika. La pili, la tatu, la nne. Jasho liliniingia machoni nikaogopa kulifuta. Nilijifunza siku ile kwamba ukikaa pale huoni panga, unamwona anayelishika.

La tano lilikatika pigo la kwanza. Nilisikia tik ile ile, sasa kubwa, na kitu cha moto kikanipita juu ya sikio. Nilipogusa, mkono ulirudi na damu. Kipande kilikuwa kimetoboa bati nyuma yangu.

Kaka alikuja na shati lake, akanibana jeraha taratibu kama alivyonibana magoti yaliyochubuka nilipokuwa mdogo. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio lililopona, kwa hiyo nililosikia hakuna mwingine aliyelisikia.

"Umepiga mapigo tisa," akasema. "Na kila moja ulikuwa unajua."

Nilikuwa nalia, na si kwa jeraha.

Wale watu walichukua mapanga kumi na moja, na walirudi tena, na waliwaleta wengine. Karakana ikasimama. Lakini tangu asubuhi ile kaka hakukaa tena mbele ya gogo nikiwa nimeshika panga mimi. Miaka yote iliyobaki mpigaji alikuwa yeye, mkubwa, na aliyekaa ni mimi. Wateja waliojua desturi yetu walinipongeza. Walidhani kaka amenipa heshima ya kiti chake.